Wiki Yetu ya Karongi

Kagarama, Kigali
Jumapili mchana

Mpendwa dada Connie,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Bukoba. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na upepo haukuilaza migomba yako kama ulivyohofia. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Ntare ni mzima, na kazi yake ya ghala kule Masoro inaendelea. Barua hii nampa jirani yangu Annah, anayekuja huko kumwona mwanawe. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu wewe huuliza kabla sijamaliza, nami nikiulizwa hukimbilia kusema mambo ni mazuri.

Krismasi uliniuliza habari za nyumba ya Karongi, nikakujibu kwamba bado karatasi. Ngoja nikueleze vizuri. Nyumba ile iko kando ya Ziwa Kivu, na haina mwenyewe mmoja. Wenyewe ni wengi, na kila mmoja ana wiki yake katika mwaka. Ikifika anakwenda, ikiisha anampisha mwingine. Mzee mmoja aitwaye Jean-Berchmans, mfanyabiashara aliyekulia Bujumbura, alikuwa akiuza wiki yake ya Agosti kwa kuwa miguu haimruhusu tena kushuka zile ngazi. Ntare ndiye aliyeipata habari hiyo. Tulikwenda kuiona nyumba, tukakaa barazani tukitazama maji, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukacheka. Tukamlipa mzee, tukapeana mikono, tukaambiwa hati itabadilishwa jina kabla ya Pasaka.

Haikubadilishwa. Kwanza ofisi inayosimamia nyumba ilisema wenye wiki nyingine lazima waulizwe kama yuko anayetaka kununua, maana wao wana haki ya kutangulia. Tukangoja wajibu. Kisha ikaonekana kwamba mke wa mzee, Mama Illuminée, anayeishi kwa watoto wake Ubelgiji, naye lazima aweke sahihi. Alipoituma, jina lake lilikuwa limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye hati ya zamani, ikabidi karatasi irudi. Halafu meneja akaacha kazi, na aliyemrithi akaanza kusoma faili upya. Kila Ijumaa nilipokwenda ofisini, msichana wa mapokezi, Kaliza, alinipa kiti akaniambia, "Mwihangane, Mama." Unalijua neno hilo la kwetu, yaani vumilia: anayesubiri huambiwa hivyo, na aliyefiwa huambiwa hivyo hivyo. Mwanzoni nilikasirika. Nilipandisha sauti mbele za watu, nikasema nitakwenda mahakamani. Baadaye hasira ikaisha, sijui ilikokwenda. Nikawa nakwenda tu kwa sababu ni Ijumaa.

Agosti ikapita. Mzee hakwenda, sisi hatukuruhusiwa, nyumba ikakaa imefungwa.

Sasa nikuambie kwa nini tuliitaka wiki ile. Mimi na Ntare tulikuwa tumeacha kuzungumza. Hatukugombana, ungesikia. Katika nyumba ya watu wawili tu tulikuwa tunapishana, huyu anatoka, yule anaingia, na mezani tunaongea habari za maji na umeme. Siku ile barazani yeye ndiye aliyesema tuyaweke yote mpaka tuje kwenye wiki yetu, tukae, tuongee mpaka yaishe. Nilifurahi, dada. Basi kila jambo tukaliweka. Akirudi amenuna, nilijiambia hili nalo ni la Karongi. Nikilala nimempa mgongo, nadhani naye alijiambia hivyo. Karatasi zikachelewa, nasi tukachelewa pamoja nazo.

Septemba alipanga chumba Kabuga. Alisema ni karibu na kazi, foleni ya magari imemchosha, atakuwa akirudi mwisho wa wiki. Alirudi mara chache. Kisha siku moja akaja kuchukua pasi na makoti yake, na tangu hapo hajarudi. Sikukwambia wewe wala Mama. Salamu mlizomtumia nilizipokea nikasema ahsante.

Jumatano Kaliza alinipigia kwa furaha: kila kitu tayari, twende wote wawili. Nilimtumia Ntare ujumbe. Nilimkuta amekwisha kufika, amekonda kidogo. Aliniuliza kama tangi bado linavuja, nikamwambia nilipata fundi. Noteri, yule wa kuthibitisha hati, alichukua vitambulisho vyetu, akauliza, "Ni mume na mke?" Ntare alinitazama, akaniachia nijibu. Tungeweza kuyasimamisha pale pale. Nikafikiria kukaa tena kwenye kile kiti cha mapokezi, na mdomo ukasema ndiyo. Tukaweka sahihi, yeye kisha mimi. Kaliza akatuletea fanta. Tukanywa.

Nje, Ntare akasema, "Winifred, Agosti nenda wewe. Umeihangaikia."

Nikamwambia, "Tulisema tutakwenda kuongea."

"Mimi sina tena la kuongea," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwenye duka anavyokwambia sukari imekwisha. Kisha akapanda pikipiki akaenda zake Kabuga.

Sikulia. Nilipitia sokoni, nikanunua mchicha, nikapika, nikala. Nangoja niumie, na mpaka leo sijaumia. Ukinipigia usinibembeleze, hakuna kitu cha kubembeleza.

Mama mwambie wewe, taratibu, asubuhi akishakunywa chai. Mwambie sikupigwa wala sikufukuzwa, maana ndilo atakalouliza kwanza. Na wiki ile ipo, ya pili ya Agosti, kila mwaka, kwa majina yetu mawili. Nyumba ina vyumba vitatu. Kama unaweza kufunga duka, njoo na Mama, na watoto wakaogelee. Mkija ninyi, nami nitakuja. Peke yangu sitaufungua mlango ule.

Nisalimie wote wanaoniuliza, na yule shangazi wa Karagwe ukimwona. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Winifred