Wageni wa kesho

Mwenzangu, natoka ofisini kwa meneja sasa hivi. Bado siamini alichoniambia.

Unajua kesho timu ya chanjo inakuja hapa makao ya wazee. Kazi yangu leo ilikuwa kumweleza kila mzee sindano ni ya nini na kumwuliza kama anakubali.

Naingia kwa Bibi Cherehani. Amevaa gauni lake la harusi za watu, mkoba mapajani.

"Bibi, safari ya wapi?"

"Nalijaribu tu. Meneja kasema kesho tuna wageni. Mwanangu huyo."

Wageni. Meneja kapita vyumba vyote akiwaambia ni wageni, eti wasiogope. Na huyo mwanawe hajakanyaga hapa tangu amlete.

Nikamwambia ukweli, kwamba wanaokuja ni wauguzi. Akasema, "Basi wasiniguse," akaanza kufungua vifungo.

Nikaenda kwa meneja. Nikamwambia hiyo si ridhaa, ni ulaghai.

Unajua alinijibu nini? "Dada, wote walikuwa wametulia. Wewe ndiye umemtia hofu."

Hofu. Mtu aliyechanjwa mwaka jana huku anamtania muuguzi.

Halafu, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, akaniagiza nirudi nikamwambie Bibi kwamba mwanawe amepiga, anakuja, ila kwanza achanjwe.

Nikamwuliza kwa nini asiende mwenyewe.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe anakuamini."