Daftari la Wakoli: Kwa Baba Yetu, Mwalimu Joram Obiero

Mwaka umetimia Jumapili hii, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya Agosti 1993, kabla hata chai ya wodini haijapita. Nyumba ya Nyamasaria ingali inakungoja. Kiti chako hakikaliwi na mtu, ila paka, yule uliyekuwa ukimfukuza kwa ndara. Siku hizi hatumfukuzi.

Anayeandika ni mimi, Benta, kifungua mimba wako, kwa niaba ya wote. Mama alisema, "Andika wewe. Wewe ndiye ulisema lile neno."

Ulifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, lakini walimu wa huku wanakukumbuka kwa dawati la nyuma. Mwalimu mgeni akitoka chuoni, akakabidhiwa Kidato cha Pili chenye wanafunzi hamsini wanaomkagua kama mbuzi sokoni, wewe uliomba ruhusa ukaenda kuketi nyuma kabisa, magoti karibu yaguse kidevu. Wanafunzi walicheka, kisha wakakuzoea. Wakaguzi walipokuja walimwuliza mwalimu andalio la somo liko wapi. Wewe ulimwuliza, "Umekunywa chai?"

Hata ulipostaafu hukuacha. Jumamosi walimu wako wachanga walijaa sebuleni, wakifundishana, wakibishana jinsi ya kumtuliza mtoto mtundu bila kiboko. Sisi tulinung'unika jikoni. Sukari ilikwisha, nasi hatukuwa na pa kukaa. Leo tunakiri kwamba tulikuwa na wivu nao, maana uliwasikiliza kwa makini kuliko ulivyotusikiliza sisi.

Kila mwalimu ulimwekea daftari lake la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto uliandika wewe, uliyoyaona darasani. Wa kulia alijibu yeye. Miaka yake miwili ya kwanza ikiisha, ulimwita nyumbani, Mama akapika ngege na ugali, ukamkabidhi daftari mbele ya wenzake wote. Walimu wazima walilia mbele ya sahani ya samaki. Wa mwisho kwenye zamu alikuwa Wakoli, kijana wa kutoka Bungoma aliyefundisha hisabati katika shule ya mchana upande wa Mamboleo. Alibakiza muhula mmoja.

Ulipolazwa, daktari alisema vumbi linakuumiza kifua. Basi Jumatatu tukaingia chumbani mwako na ufagio, tukitaka urudi ukute pasafi. Tuliona rundo la karatasi kuukuu, tukaona vumbi. Hatukufungua hata jalada moja. Tom, mdogo wangu, alilibeba rundo zima hadi Kondele kwa Aoko, anayeuza mandazi, akampa bure. Aoko alishukuru sana. "Hii karatasi ni nzuri, nyathina, mwanangu," alimwambia Tom. "Inashika mafuta."

Tungesema ni kwa sababu ya afya yako tu, tungekuwa tunakudanganya tena. Tulikuwa pia tumechoka na karatasi zako.

Jumatano uliniambia, "Benta, niletee daftari ya Wakoli. Nataka kumalizia kabla hii kifua inimalize." Ulikuwa unatabasamu. Mimi ningeweza kusema kweli pale pale. Ungekasirika, ungekohoa, labda ungetusamehe kabla ya chakula cha mchana. Nilisema, "Wakoli alikuja nyumbani akaichukua, Baba."

"Bila kuniuliza?"

"Ndiyo."

Nilitoka mbio hadi Kondele. Aoko alishika kichwa kwa mikono miwili. Karatasi nyingine zote zilikwisha kwenda na wateja. Alichobaki nacho katika daftari la Wakoli ni karatasi ya katikati, kurasa mbili zilizoshikana, na duara la mafuta pembeni. Kushoto, mwandiko wako: "Wakoli ameuliza swali, akangoja mtoto afikiri. Hakumjibia. Hapo nimemwona mwalimu." Kulia, mwandiko wake: "Mwalimu, nilikuwa nimesahau jibu."

Nilicheka peke yangu kando ya karai la Aoko, kisha nikalia. Ningekuletea karatasi ile, ningelazimika kusema kweli. Nikaificha ndani ya Biblia yangu.

Ijumaa Wakoli alikuja kukuona na mfuko wa machungwa. Hata hakuwa ameketi.

"Wakoli," ukasema, "daftari umeichukua ya nini?"

Alikutazama, kisha akanitazama mimi. Niliinamisha macho. Hapo alielewa, sijui kwa kiasi gani, lakini alielewa. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa na hamu ya kusoma. Nitairudisha."

Ukageukia ukuta, ukasema, "Mtu huomba, Wakoli. Mtu huomba."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwake. Jumapili ukaenda.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu Wakoli aliirefusha kwa wema wake, nami nikazidi kutembea juu yake. Kumbe Jumamosi ulikuwa umemweleza hayo rafiki yako, Mwalimu Odera. Siku ya mazishi alisimama kando ya jeneza akasema kuna kijana mmoja aliyempa mzee uchungu kitandani, maana vijana wa siku hizi hawajui kuomba. Walimu waligeuka kumtazama Wakoli. Aliendelea kushika koleo. Mama alikuwa hajui lolote. Tom alinifinya mkono nami nikamfinya, tukanyamaza wote wawili.

Tangu hapo Jumamosi zimehamia kwa Mwalimu Odera, na Wakoli haalikwi. Miaka yake miwili ilitimia Desemba, bila daftari, bila ngege, bila mtu wa kumwambia hongera. Nilipata habari hizo nikaendelea kupika.

Mwezi uliopita nilipita shuleni kwa kina Wakoli kuona mtoto wa jirani. Kupitia dirishani nilimwona mwalimu mgeni, binti anayeitwa Kageha, akiandika ubaoni, akifuta, akiandika tena. Nyuma kabisa, magoti karibu yaguse kidevu, alikuwa Wakoli na daftari. Siku ile sikulala, Baba. Asubuhi nilimweleza Mama yote. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Peleka karatasi ya watu."

Nilimpelekea Wakoli. Alisoma kushoto, akasoma kulia, akacheka kidogo, akafuta macho.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Dada Benta, mzee alikuwa anaumwa. Ningemwambia msichana wake ni mwongo?"

Nikamwuliza ninaweza kufanya nini. Alikunja ile karatasi polepole. "Mimi sidai kitu," akasema. "Ni vile tu mzee alienda akinifikiria vibaya."

Basi sikia, Baba, na Mwalimu Odera asikie, na wote mliogeuza shingo siku ile makaburini. Wakoli hakuchukua daftari. Hakuwahi hata kukanyaga chumbani mwako. Tulilitoa sisi, na nikamsingizia mimi, nikamwacha abebe lawama mwaka mzima. Tusamehe sisi, lakini yeye hana la kusamehewa.

Najua gazeti hili nalo kesho litafungia mandazi Kondele. Kwa hiyo Jumamosi ijayo Mama anapika ngege wa Wakoli, Mwalimu Odera na wenzake wote wamealikwa, nami nitasimama mbele yao niyaseme haya kwa mdomo wangu. Wakoli amesema atakuja. Ameomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kuja na Kageha.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lornah; wanao Benta, Tom na Agneta; wajukuu wako; Aoko wa Kondele; na Wakoli, mwalimu wako wa mwisho, ambaye siku zote aliomba.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Baba, na hili pia hatutalisahau.