Mteja wa Kwanza wa Supu ya Bata

Talat Phlu, Bangkok
9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Nakuinamia, viganja vyangu vimekutana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Suphan Buri, goti limetulia na Mjomba Chalerm amepunguza utani wa kukufichia mkongojo. Sisi huku hatujambo. Joto limeanza kutuchoma, lakini afya tunayo na riziki haijakatika.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Mama, simu unaikata. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno. Utaichana tu, na nakujua, utaokota vipande uviunge ili ujue mwisho wake.

Soko liko vilevile. Prasit, yule bodaboda wa fulana ya rangi ya machungwa, bado anakula mabakuli mawili na bado anadai shingo ya bata bure. Juzi aliniambia shingo ni haki yake, maana shingo na bodaboda ni ndugu, wote kazi yao kugeukageuka. Nikamwambia ageukie na pochi yake. Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na tambi.

Habari kubwa ni ile uliyokwisha kuisikia. Mwenye kiwanja anapanua njia, kwa hiyo kufikia mwisho wa mwezi kila vibanda viwili vikae mahali pamoja, na asiyepata mwenzake atafute soko jingine. Basi watu wakaanza kuchaguana kama wako kwenye posa. Muuza ndizi za kukaanga amekaa na Lamduan wa saladi ya papai, na siku ya kwanza tu nilimsikia akilalamika, “Dada, kinu chako kinanitikisia mafuta, ndoa hii haifiki fungate!” Lamduan akamjibu kwamba mume mwoga wa kinu aende akauze maua.

Nawe kwa simu uliniagiza nikae na yeyote nimtakaye, hata muuza ngisi wakavu na harufu yake, ila si Muai wa tofu. Ulisema nikikaa na Muai nijihesabu sina mama. Mimi nikaitikia, “Sawa, Mama.” Lakini kuna jambo hulijui. Tafadhali keti, nisome mpaka mwisho, kisha uhukumu.

Mama, homa ile ya Julai iliponitoka, ilitoka na ladha yote. Nilikuwa nikitia supu mdomoni ni kama nakunywa maji ya moto. Tangawizi, pilipili, mdalasini, vyote vilikuwa joto tu. Daktari alisema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi. Sikukwambia, maana ungepanda basi siku ileile na goti lako bovu uje kushika upawa. Nikapika kwa mazoea ya mkono, nikamwachia Mungu wa jikoni yaliyobaki.

Wateja wetu unawajua, hawalalamiki. Mezani pana pilipili, sukari, siki na sosi ya samaki kwa anayetaka chumvi. Mtu hujitengenezea bakuli lake, likimshinda hukushukuru kwa adabu na kesho humwoni. Siku ya tatu baada ya homa, chupa zote za sosi ya samaki ziliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mimi mjinga nikafurahi, nikidhani biashara imechanganya. Aliyeelewa maana yake ni Shangazi Muai, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye sufuria lake la tofu laini ya soya na maji ya tangawizi, ng’ambo ya njia.

Asubuhi iliyofuata alikuja kabla ya mtu yeyote, na kijiko chake mwenyewe mfukoni mwa aproni. Nilishtuka, Mama. Nilikumbuka siku ile nina miaka kumi na mitano, alipokuja kuwa mteja wako wa kwanza, yule abebaye bahati ya siku nzima, akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini, akaondoka bila kununua. Jioni yake maofisa wa jiji wakachukua mkokoteni wetu. Ulichoma gazeti ukalipitisha juu ya bata kufukuza nuksi yake, na kwa miaka kumi na tisa hujamjibu hata salamu.

Basi akaonja. Akaniuliza kwa sauti ya kuchokoza, “Wewe, bata huyu umempika au umemwogesha?” Nikacheka ili nikwepe swali. Akaniambia nionje mwenyewe. Nikaonja, nikasema iko sawa. Akasema taratibu, “Huna ulimi, mwanangu.” Nililia palepale juu ya sufuria, naye akanigombeza nihamishe uso wangu, chumvi ya supu hutoka kwenye mkebe, haitoki machoni.

Tangu siku hiyo amekuwa mteja wangu wa kwanza kila asubuhi, kwa miezi minane. Anaonja, ananisimanga, mimi naelewa: “bata amechoka” maana yake ongeza mdalasini, “unatupikia wagonjwa?” maana yake chumvi. Kisha ananunua bakuli na kulimaliza. Noti yake naipigapiga juu ya bata kuomba baraka ya siku, kama ulivyonifundisha. Ndiyo, Mama, noti ya Muai. Na hakumwambia mtu siri yangu, hata Prasit ambaye hujua mpaka paka wa soko wamelala wapi.

Ulipokuja Januari ulikunywa supu mpaka ukainamisha bakuli, ukasema sasa unaweza kupumzika, mkono wako umehamia kwangu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mkono ulikuwa wako, Mama, lakini ulimi ulikuwa wake, naye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo akijifanya anapanga vikombe.

Mwezi uliopita nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini aliondoka siku ile. Alifuta kijiko chake kwa aproni, akakirudisha mfukoni. Akasema ilikuwa siku ya tatu tangu tuuchome mwili wa Baba hekaluni, nawe ulirudi kazini macho yamevimba. Supu haikuwa na chumvi hata punje. Wapagazi walikuwa wameshapanga foleni nyuma yake. Akashindwa kumwaibisha mjane mbele za watu, akashindwa pia kula na kusifu uongo, basi akakimbia. Anasema mpaka leo anajilaumu kwamba hakuzunguka nyuma ya sufuria akatia chumvi mwenyewe, ikawa siri yenu wawili. “Nilimkimbia mama yako,” aliniambia. “Nilipoona zile chupa tupu kwako, nikasema sikimbii mara mbili.”

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakunywa tangawizi yake, na kitu kikaniuma ulimini. Nikanywa tena, kikauma tena, nikapiga kelele soko zima likageuka. Ladha imerudi, Mama! Shangazi Muai akasema afadhali, sasa atalala mpaka jua litoke. Kesho yake alikuja saa ileile, na kijiko chake.

Sasa ndiyo nakiri. Uliponipigia simu, nilikuwa nimeshatia sahihi siku tatu nyuma. Nimekaa na Muai. Nilitia sahihi baada ya ulimi kurudi, ili usije ukasema nilifanya kwa shida. Nimefanya kwa shukrani. Kukudanganya kwa “sawa, Mama” ni kosa langu peke yangu, nalo naliombea radhi.

Songkran, mwaka wetu mpya, inakaribia. Nitakumwagia maji ya maua mikononi kuomba msamaha, kwa hilo na kwa yote, na yeye pia nitammwagia, kiti chake kikiwa kando ya chako kama utakubali. Njoo mapema siku hiyo, kabla hajafika, uvae aproni yako ya zamani, ipo, nimeifua. Nataka mteja wa kwanza awe yeye, na umpakulie wewe. Chumvi nitakuwa nimeshaionja. Safari hii atamaliza bakuli.

Nisalimie Mjomba Chalerm na majirani wote wa ukingo wa mto. Goti lipake dawa kila jioni.

Mimi mwanao akupendaye,
Rampai