Begi Lililokataliwa Kabla Halijashonwa

2 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usinifiche, maana najua ukiulizwa hali husema uzima tele huku unachechemea. Mimi mzima wa mwili, ila akili imevurugika.

Nimefanywa mkuu wa chumba cha ubunifu hapa kiwanda cha mabegi. Usishangilie bado. Begi letu la shule limedoda madukani, na meneja amenipa hadi mwisho wa mwezi: tumletee begi jipya, la sivyo chumba kigeuzwe stoo na wenzangu warudi kila mtu alikotoka. Leo nimewakalisha pamoja wachoraji, wakataji na washonaji, nikawaomba mawazo. Shangazi, walinitazama kama watu wanaosubiri daktari awaite. Aliyefungua mdomo ni mmoja tu, mkaguzi wa mabegi, tunayemwita Bwana Rudisha kwa sababu hilo ndilo neno lake. Alisema kiti changu kinayumba.

Wewe ulikuwa ukiingia jukwaani bila hata mstari mmoja wa kukariri, na bado ukawavunja watu mbavu. Mlikuwa mnafanyaje? Nifundishe, nimekwama.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila nikipanda ngazi. Baba yako anasema nikupigie simu tu, nimemkatalia. Kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza kukutania.

Kwanza, acha kuwaomba watu mawazo. Ukimwomba mtu wazo zuri anakuwa bubu papo hapo. Waombe mchezo. Sisi kabla ya kuingia jukwaani tulikaa duara na boksi tupu. Wa kwanza anatoa humo kitu kisichoonekana, anakitaja, anampa jirani. Jirani haruhusiwi kukikataa. Anapokea, anaongeza jambo lake, anapitisha. Niliwahi kupewa samaki nikamvalisha miwani, na alipomaliza mzunguko alikuwa hakimu. Kanuni ni hiyo tu: pokea, kisha ongeza.

Anza wewe, uchekwe. Mkubwa akikubali kuonekana mjinga, wengine wanapumua.

Shangazi yako

13 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Natumaini yale mazoezi ya goti unayafanya, si kuyasoma tu.

Nilianza mimi, kama ulivyosema. Nikatoa paka. Mshonaji akampokea, akamwongezea mkia wa pili, watu wakaanza kuchangamka. Mchoraji akasema mikia miwili ni mikanda, kwa hiyo huyu si paka tena, ni begi la shule. Nikajisemea moyoni, sasa tumefika. Kisha likamfikia Bwana Rudisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye mshono, akatoa chaki mfukoni na kupiga alama ya kosa hewani.

"Rudisha," akasema. "Likiwekwa chini linaanguka."

Akalitia ndani ya boksi, akafunga kifuniko. Mchezo ukafa palepale. Wote wakainamisha vichwa, kama wanavyofanya kazi yao ikipigwa chaki. Nimemwomba kwa heshima asije kikao kijacho. Siku zinayoyoma na sina hata mchoro mmoja. Nimechoka, na ninaogopa.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na mazoezi nafanya, nikikumbuka.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka mpaka nikakaa. Umemfukuza mchezaji wako bora kuliko wote. Ulimpa mtu hewa tupu, yeye akagusa mshono wake na akaona inaanguka. Nimecheza na watu waliosomea kazi hii, na wachache mno waliwahi kuamini kitu kiasi hicho. Yeye hakukataa, alipokea kuliko nyinyi nyote. Aliyevunja kanuni ni jirani yake, ambaye hakuongeza neno, na wewe uliyeacha kifuniko kifungwe.

Nenda kamwombe radhi. Mwambie safari hii aanze yeye. Kila akitaja kosa, jirani alipokee hilo kosa na kuongeza dawa yake. Na woga usikusumbue sana. Mimi niliogopa kila onyesho, nikaingia hivyo hivyo.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nisamehe ukimya. Sikujua kama nakuandikia habari njema au msiba.

Nilimfuata Bwana Rudisha mezani kwake, nikamwomba radhi. Akauliza kama aje na chaki. Nikamwambia asithubutu kuiacha.

Alifungua boksi akalitoa begi lile lile, Shangazi, akaliweka sakafuni, akasubiri lianguke. Rudisha. Mkataji wetu, mama mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akaliinua na kusema amelitia kitako kigumu. Rudisha, sasa ni zito. Mshonaji akaondoa mfuko wa nyuma. Rudisha, mtoto atamwaga vitabu vyote akitafuta penseli. Mchoraji akahamisha zipu, begi likafunguka kwa mbele kama kabati. Wakaanza kugombania zamu, na mimi nachora mpaka mkono unauma. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa nalo la kitambaa.

Meneja aliliweka mezani, akalisukuma kwa kidole. Likasimama. Akalisukuma kwa kiganja, likasimama. Akampa Bwana Rudisha. Begi zuri kwake husogezwa pembeni kimya kimya, hajawahi kulisemea lolote. Hili aliligeuza na kuligeuza, nikataka kulia. Kisha akarudisha chaki mfukoni.

"Lipite," akasema.

Tulipiga kelele hadi walinzi wakaja kuona kuna nini.

Chumba hakifungwi. Meneja anataka kila idara ifundishwe mchezo huu, na nimekutaja wewe kuwa mwalimu. Najua utasema goti, utasema umri, utasema mambo ya jukwaa yalishapita. Ndiyo maana barua hii inakuja na kifurushi, na ndani yake kuna kila unachohitaji kwa safari. Kanuni unaijua.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote tatu, na hongera ambayo siwezi kuimaliza kwenye karatasi.

Kifurushi kimefika. Baba yako alikifungua kwanza, akakuta boksi tupu, akalitikisa, akasema umeibiwa njiani. Nikamnyang'anya. Viatu ni vizuri mno, vyekundu kama vile nilivyokuwa navaa jukwaani. Nimevivaa palepale na kuzunguka navyo sebule nzima, baba yako akinikodolea macho. Nimelia kidogo, sitakuficha, kwa sababu nilidhani hakuna atakayeniita tena.

Napanda basi Jumatatu asubuhi. Mwambie Bwana Rudisha aje na chaki. Kiatu cha kushoto kinabana kidogo.

Shangazi yako