Watu Wekundu wa Mwambani

Mjukuu wangu Koku,

Huku Izigo tu wazima. Tunaanika kahawa, na babu yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama niliwahi kuiona ile michoro ya kale. Niliiona siku ya kuolewa kwangu, enzi za Waingereza. Njia nzima nililia kwa hofu ya ugenini. Mvua ikatukimbiza chini ya mwamba, nikafunua shuka usoni, nikaona watu wadogo wekundu wamechorwa jiweni, wameinua mikono.

"Nani aliwachora?" nilimuuliza shangazi yangu.

"Hakuna ajuaye. Lakini nao walikimbilia hapa mvua iliponyesha, mwanangu."

Nikacheka. Mvua ilipokatika niliwatangulia wasindikizaji wote, shangazi akawa ananiita nipunguze mwendo.

Bibi yako