Nimemwambia Mwanangu Ni Vitamini

Mpendwa mshauri, mwanangu sasa hivi alikuwa anampa rafiki yake kidonge chake, na mimi nimekinyakua mpaka nimemkwaruza kidole mtoto wa watu, ndiyo maana nimekimbilia huku chumba cha cherehani, nimefunga mlango, nakuandikia kwenye simu, nakuomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi.

Huyo rafiki wanakaa dawati moja, amekuja wafanye hesabu, na kila wakifungua daftari anasinzia, basi binti yangu akamwambia, "Ngoja, mimi nilikuwa hivyo hivyo, mama ana vitamini zake, ukimeza wiki mbili tu unakuwa mtu," nikasikia droo inavutwa, nikatoka mbio na sindano mdomoni. Kidonge kilikuwa kimeshafika kwenye midomo ya mwenzake. Nikakichukua. Binti yangu akanitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya mgeni, "Mama, vitamini gani hizi za uchoyo?" Rafiki akacheka. Mimi sikucheka, mshauri, maana si vitamini, na yeye hajui.

Nianze mwanzo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule ndizo zinazotulisha. Sikusoma sana. Binti huyu nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba, sasa ana kumi na nne, tukipita njiani watu wanadhani ni mtu na mdogo wake, na sisi tunawaacha wadhani.

Tangu mwaka jana akaanza kubadilika, si kwa siku moja, kidogo kidogo kama maji yanavyopoa. Mtoto aliyekuwa akirudi shule anatupa begi na kukimbilia kuruka kamba akawa anarudi analala na viatu. Jua linawaka, watu wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria, yeye amevaa sweta. Ngozi ya mikono ikakauka, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, siku zake zikija zinakaa siku kumi. Ukimtuma chumvi anarudi mkono mtupu, "Mama, uliniambia nini vile?" Baba yake akasema mwache, anakua, umri huo una mambo yake. Mimi nikamwita mvivu, nikamwita gunia, Mungu anisamehe, nikawa namwambia hata kuku anaamka.

Halafu akaja dada yangu. Akanivuta jikoni, "We mdogo wangu, una macho au vifungo? Mtoto kanenepa, analala mchana kutwa, huyo ana mimba. Mwana hutazama kisogo cha nina." Neno lile lilinichoma kwa sababu mlengwa alikuwa mimi, mama niliyezaa na miaka kumi na saba. Nikaenda duka la dawa, nikanunua kipimo, nikampa mtoto kikombe, nikasimama mlangoni mwa choo kama askari. Mstari mmoja, hakuna mimba. Akanirudishia kikombe akasema, "Ungeniuliza tu, mama." Siku nne alikula chumbani kwake.

Hata hapo sikuamka. Sare zake nashona mwenyewe, kila muhula nikawa naachia kiuno cha sketi kipanuke, naachia tena, lakini pindo la chini sijalishusha hata mara moja, urefu umesimama palepale. Fundi mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa nahamisha kifungo. Kile cha juu cha shati, cha shingoni, kilikataa kufunga, nikakihamisha, baada ya miezi miwili kikakataa tena, nikakihamisha tena. Mara ya tatu nikapandwa na hasira, nikabeba shati mpaka kwa mzee anayeniuzia vitambaa, nikampigia kelele mbele ya wateja kwamba kitambaa chake kinasinyaa kikifuliwa. Yule mzee hakubishana. Akalitandaza shati mezani, akalipima mabega, akalipima mikono, akaniambia, "Fundi, kitambaa kikisinyaa kinasinyaa chote, hakichagui shingo. Nenda kapime mtoto, siyo shati."

Watu wakacheka, nikaondoka nimenuna. Lakini nilipofika nyumbani nilimpima shingo. Halafu nikampa maji nikamwambia kunywa nikuone, na alipomeza nikaona kitu chini ya koo kinapanda na kushuka, kama yai dogo chini ya ngozi. Mshauri, mimi namwona mtoto huyu kila siku ya Mungu!

Kesho yake tukawa kliniki. Daktari, mwanamke mpole, alisimama nyuma yake akamshika shingo kwa vidole, akamwambia meza mate, akaagiza damu ipelekwe maabara. Siku ya majibu nilimwacha mtoto nje nikaingia peke yangu. Daktari akaniuliza yuko wapi, nikasema yuko msalani. Akanichorea kwenye karatasi, kwamba shingoni kuna tezi inaitwa thairoidi, inatoa homoni inayouendesha mwili mzima, na ya mwanangu imechoka kwa sababu kinga ya mwili wake yenyewe inaishambulia, ndiyo maana kila kitu kimepoa, nguvu, akili, siku zake, mpaka urefu. Nikauliza, ni saratani? Akasema hapana. Nikauliza, atakufa? Akasema, "Mama, atameza kidonge kimoja kila asubuhi, na atakuja kukuzika wewe ukiwa kizee." Mshauri, nilicheka mpaka nikalia, sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nitazikwa.

Nilipotoka mtoto akaniuliza, "Nina nini?" Nikamwangalia usoni, nikakumbuka kile kikombe, nikaona nikimwambia una ugonjwa, na dawa yake huenda ukaimeza maisha yote, nitakuwa nimemvunja mara ya pili. Mdomo ukasema wenyewe, "Umepungukiwa vitamini." Boksi nikalificha kwenye droo ya kabati la sebuleni, chini ya nyuzi, nikawa namtolea kimoja kila asubuhi kwenye kisahani.

Hii ni wiki ya kumi. Mshauri, mtoto amerudi! Sweta inaning'inia kwenye msumari. Anaimba akideki. Juzi nimeshusha pindo la sketi nusu kidole, nikaitazama ile nusu kidole kama mtu anayetazama mgeni kutoka mbali. Ameanza hata kunijibu jeuri, na mimi nakaa nafurahi kujibiwa. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nalia, moyo wangu umetulia kuliko mwaka mzima uliopita, ila uongo nao umekua pamoja na mtoto. Wiki iliyopita kaniambia, "Mimi nimeshapona, si niache hizi vitamini zako?" Dada yangu naye anasema nimwachishe, dawa za kila siku zinaua kizazi. Nikimwachisha atarudi kulala na viatu. Nikimwambia ukweli atasema mama aliniita mjamzito na sikuwa, akaniita mzima nikiwa mgonjwa, nimwamini lini? Nilitaka kukuuliza kama naweza kusubiri amalize shule kwanza, au nimwombe daktari amwambie yeye, maana mimi maneno ya homoni siyawezi na mtoto kusoma ananizidi, au niendelee kusema ni vitamini ila ni kali, na sasa nakumbuka kwa haraka zangu boksi nimeliacha pale mezani, nasikia rafiki yake anaaga, mlango umefungwa, binti ananiita, "Mama! Mama njoo, humu ndani ya boksi kuna karatasi, imeandikwa hizi ni za watu wenye tezi ya

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu, ujumbe wako umenifikia umekatika hapo hapo. Sijui kama kidole kilibonyeza chenyewe au uliona hakuna la kuongeza. Ila swali lako, mtoto amelijibu kabla yangu. Tazama alichofanya. Amekutana na neno geni kuhusu mwili wake, na papo hapo amemwita mama yake. Binti aliyemkatia tamaa mama yake hamwiti, anajifungia chumbani. Katika nyumba yenu siku hiyo, aliyejifungia ni wewe.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umejitakia. Kidonge kile ni homoni. Kwa mwenye tezi iliyochoka kinarudisha kilichopungua. Kwa mtoto mwenye tezi nzima kinaweza kuukimbiza moyo bila sababu. Uongo wako mtamu ulikuwa umeshafika kwenye midomo ya mtoto wa mwenzio. Nenda kwa mama wa yule rafiki, mweleze bila kona kona, kisha mwambie kusinzia kwa binti yake nako kukapimwe. Huenda ni kupungukiwa damu, huenda ni kulala saa chache, huenda ni simu chini ya shuka. Dawa ya mmoja haitambui ugonjwa wa mwingine.

Dada yako mpe salamu, halafu mwambie akae mbali na hiyo droo. Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu: dawa hii ikimezwa kwa kipimo chake haiui kizazi. Kinachovuruga hedhi, na baadaye uzazi, ni tezi iliyochoka ikiachwa bila tiba. Mtoto anaimba kwa sababu anameza. Hakuna anayeng'oa nguzo eti kwa kuwa nyumba haijaanguka.

Unamwogopa mtoto atakuuliza akuamini lini. Atauliza, ndiyo. Mjibu. Mwambie, "Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Tezi yako imechoka, wewe hukuwa mvivu hata siku moja, na mimi nilikuita mvivu." Husikii neno gumu hapo. Ya homoni mtasoma wote wawili, yeye asome, wewe uulize, na msichokielewa mkiandike mkampelekee daktari. Na lile la kikombe liombee msamaha peke yake, bila "lakini" na bila kumtaja dada yako. Shuleni hukukaa sana, sawa, lakini uliambiwa ukweli mbele ya watu, ukachekwa, na bado ukaenda nyumbani kupima. Wapo wenye vyeti ukutani ambao mpaka leo wangekuwa wanagombana na muuza kitambaa.

Sasa kazi. Kidonge ni asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu, saa ile ile kila siku, na chai isubiri angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Kama anatumia vidonge vya kuongeza damu au vya mifupa, viachane na hiki kwa saa nne. Kipimo asikibadilishe mtu yeyote ndani ya nyumba, hata akiona mtoto anaruka ukuta. Tarehe ya kupima damu isipite, na siku hiyo mwingie wote wawili. Ukimwambia daktari tena kwamba mtoto yuko msalani, nitajua.

Nanyi wazazi wengine mnaosoma hapa, msianze kuwakaba watoto shingo. Kuchoka ni kwa kila kijana, kununa pia. Lakini uchovu unaodumu, baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hedhi iliyovurugika, ngozi kukauka, choo kigumu, unene unaoongezeka huku urefu umegoma, au uvimbe unaopanda na kushuka mtoto akimeza, hivyo havithibitishi kitu, ila vinatosha kumpeleka akapimwe damu. Nendeni kliniki kabla ya kwenda na matusi.

Fundi, kuanzia kesho boksi liwe lake. Achague mwenyewe pa kuliweka, ajiwekee kengele kwenye simu, na wewe uulize mara moja tu asubuhi, "Umemeza?" kisha uendelee na sare za watu. Mwili ni wake, dawa ni yake, na umri wa kuijua kwa jina ameshaufikia. Ukimaliza kuzungumza naye, mpe gazeti hili asome mwenyewe, na akiona kuna mahali nimekukaripia kupita kiasi, aniandikie yeye. Wewe ulishaandika ya kutosha.