Ringi ni Kukimbia, Ringi ni Kurusha

Mpendwa Madam Kocha,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu simu zangu huzipokei, na tukikutana mashindanoni unanisalimia kama karani wa benki: mkono, tabasamu, mwingine apite. Jumamosi naleta timu yangu ya mpira wa kikapu Homa Bay kucheza na yako. Mshindi anaenda mashindano ya kitaifa. Wewe ukishindwa, Jumatatu utarudi ofisini kwako kama kawaida. Sisi tukishindwa, mkuu wa chuo hapa Migori ameshatamka: timu ya wasichana inavunjwa, uwanja unakuwa maegesho ya magari. Basi usidhani nimekaa chini kulia juu ya zamani. Ila zamani lazima niiguse, maana ndiyo itakayokaa kwenye benchi lako Jumamosi.

Ulinikuta Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, ulipokuja kwa matanga ya binamu yako. Nilikuwa nimemaliza fomu foo na kazi yangu ilikuwa kubeba mawe. Siku hiyo nilichoka kuyabeba, nikawa nayarusha kutoka pale nilipo yaangukie kwenye karai la dada yangu. Ukasimama na viatu vyako vya kanisani kwenye matope.

"Umekosa mangapi?"

"Matatu kwa kumi."

"Wengi wangeniambia waliyopata," ukasema. "Anayehesabu anayokosa anafundishika."

Muhula uliofuata nilikuwa hapa chuoni Migori, kwenye timu yako, kwa nafasi ya michezo. Ukaniita nyar Masara, binti wa Masara, na jina likanishika hadi leo.

Unaukumbuka ule uwanja wa murram, changarawe tupu? Ukianguka unaacha ngozi. Ringi mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa na wavu, mpaka ulipoleta kipande cha wavu wa samaki kutoka kwenu Kisegi ukakishona mwenyewe, umepanda juu ya meza ya maabara, sisi tumeishika miguu. Ulinuka omena mwezi mzima, huo wavu. Tulikuwa tukisema timu ngeni zinakosa kwa sababu zinaziba pua.

Na unamkumbuka Robi? Mkuria wa Isebania, mrefu kuliko mlango, Dholuo hajui hata neno. Siku yake ya kwanza alishika mpira katikati ya uwanja, ukampigia kelele: "Ringi! Ringi!" Sisi Wajaluo wote tukatoka mbio, maana kwetu hilo ni kimbia. Robi akaitazama ringi kule mbali, akavuta pumzi, akaurusha. Ukaingia.

"Wewe Robi, nani amekwambia urushe?"

"Si ni wewe, Madam? Umesema ringi. Ringi si ile pale?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye murram. Kisha ukatuita, ukasema timu yenye lugha mbili itavunjana miguu, kwa hivyo tutumie majina ya mahali, ambayo hayahitaji kutafsiriwa. Masara: chimba, peleka mpira ndani, chini ya ringi. Isebania: vuka, upande wa pili. Kisegi: tupa wavu, rusha kutoka mbali. Maneno matatu tu. Msimu ule, kabla ya fainali, tulicheza mechi kumi na moja tukashinda kumi, na hiyo moja tuliyopoteza umeme ulikuwa umekatika kwenye akili ya refa.

Halafu wiki ya fainali hukuonekana mazoezini. Tukasema labda ni malaria. Robi alikupikia uji wa wimbi akaupeleka kwako kwenye chupa ya chai, akakuta kufuli, jirani akamwambia umehama na vitanda. Aliurudisha ule uji. Tuliunywa sisi.

Tulikuona tena siku ya fainali yenyewe, umekaa kwenye benchi la Homa Bay, shati la kijani.

Naomba tuelewane. Kwenda kwako sikulaumu. Migori ulikuwa wa mkataba, wao wakakupa ajira ya kudumu, na ajira ya kudumu haikataliwi na mtu mwenye watoto. Ningeenda pia. Ninachokulaumu ni kile ulichobeba. Nilipoita "Isebania!" ulisimama ukawaambia wasichana wako, "Wanavuka, funga kulia!" Nikaita "Masara!" ukasema, "Jazeni ndani!" Robi akaniuliza, "Sasa tuseme nini?" Tukanyamaza. Robo nzima ya mwisho, watu watano uwanjani bila sauti, kama wageni waliokutana hospitalini. Katika robo hiyo tulirusha mipira kumi na minne, ikaingia miwili. Tulipoteza kwa pointi mbili. Nimepiga hesabu hiyo kila upande na jibu ni lile lile: hukutushinda kwa kujua maneno yetu. Ulitushinda kwa kutufanya tuyaogope.

Kisha ukaja kunipa mkono. "Nyar Masara," ukasema, "si ni mpira tu."

Mpira tu. Madam, mimi huo mpira ndio ulionitoa shimoni, na aliyenitoa ni wewe. Utaniambiaje hivyo?

Hakuna aliyenikabidhi timu ulipoondoka; niliiokota. Nilianza kwa kubeba mipira, nikasomea urefa, nikafundisha nikiwa bado nacheza. Leo nina wasichana kumi na wawili. Mmoja ni Boke, mdogo wake Robi. Yupo chuoni kwa nafasi ile ile niliyokuwa nayo mimi. Timu ikivunjwa Jumatatu, Boke anarudi Isebania kuuzia madereva wa malori chai, na hilo si fumbo, ameshaambiwa ofisini. Juzi alinifuata baada ya mazoezi.

"Kocha, Jumamosi tutumie ishara za mikono tu. Dada anasema yule mama anajua kila neno letu."

"Dada yako alikwambia pia tulivyonyamaza?"

"Aliniambia."

"Basi hatunyamazi."

Kwa hivyo nakwambia waziwazi, usipoteze muda kubahatisha. Masara ni Masara, Isebania ni Isebania, Kisegi ni Kisegi. Sikubadilisha hata moja. Majina hayo tuliyapata pamoja na sitayakimbia mara ya pili.

Lakini kuna neno moja hukubeba, kwa sababu ulidhani ni kosa. Nitakapoita "Ringi!" Wajaluo wangu wanne watatoka mbio, na Boke, ambaye Dholuo yake ni kama ya dada yake, ataitazama ringi na kurusha. Ukiingia, umeingia. Ukikosa, wanne wameshafika chini kuungoja. Huu mwaka anapata sita kwa kumi. Mitatu kati ya ile minne inayobaki, tunaiokota.

Sasa unajua kila kitu. Zuia.

Na tukimaliza, uje na mkono wako kama kawaida. Nitaupokea. Ila safari hii, atakayesema ni mpira tu nitakuwa mimi, au asiseme mtu.

Nikutakie usingizi mwema wiki hii. Mimi wangu umekataa.

Binti yako wa murram,
Nyar Masara